Siku hizi inaondoka familia nzima, si baba peke yake. Kwa nini, na hesabu yake ikoje?

mpwa_wa_tanga

Wakuu, wenye kustahili shikamooni, wengine habari zenu.

Zamani aliyekwenda nje alikuwa mtu mmoja. Baba anatangulia Muscat au Jeddah, mama na watoto wanabaki, hela inaingia mwisho wa mwezi, na baada ya miaka kadhaa inasimama nyumba ya tofali. Sasa naona jambo jingine. Mume na mke wote wana kazi, wana gari, wana kiwanja, halafu wanauza kila kitu na kuondoka na watoto wao. Tena hao si maskini wa kutupwa. Ukiuliza unaambiwa "wanafuata maisha mazuri", jibu ambalo halinishibishi, maana ukitoa pango na malezi ya watoto ya huko mshahara ule mnono unabaki mifupa.

Naomba wajuzi watoe hesabu. Chukulieni mfano mmoja: mke miaka 31, muuguzi mwenye shahada, mume miaka 34, mhasibu, naye ana shahada, mtoto wa kwanza miaka 7, wa pili 3. Watu kama hawa wanakwenda wapi, kwa mlango upi, na huanguka wapi njiani? Hadithi za "shemeji yangu yuko Toronto" tuziweke kando leo. Namba tu.

---

karani_mstaafu

Mkuu, anza na sheria kwanza, mioyo ya watu itafuata. Familia huhama pamoja pale kibali kinaporuhusu, na hutengana pale kisiporuhusu. Hiyo peke yake inaeleza nusu ya unachokiona.

Tazama Ghuba. Falme za Kiarabu, ili ulete mke na watoto lazima mshahara uwe angalau dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 na mwajiri akupe nyumba. Saudia kila mtegemezi analipiwa riyal 400 kwa mwezi. Mke na watoto wawili ni 1,200 kwa mwezi, 14,400 kwa mwaka, na huwezi kuhuisha iqama (kibali cha ukaazi) bila kulipa. Oman ni nafuu kidogo, kima cha mshahara wa kuleta familia kilishushwa hadi riali 150 mwaka 2023, ndiyo maana watu wa Unguja na Tanga wenye jamaa Muscat bado wanaiangalia kwa jicho zuri. Lakini kote huko ukaazi umefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, mke na watoto wanafungasha pamoja nawe hata kama wameishi hapo miaka 15. Na aliyekwenda kwa viza ya kazi za ndani, huyo kwa kawaida hana nafasi ya mtegemezi hata akitaka.

Kwa hiyo Ghuba ni mahali pa kuchuma na kurudi. Anayepanga kuchuma na kurudi haendi na watoto.

Kanada mfumo wake ni kinyume. Unaomba ukaazi wa kudumu ukiwa bado Mombasa au Dodoma, na mke, mume na watoto walio chini ya miaka 22 wasio na ndoa wanaandikwa kwenye faili moja. Mnashuka uwanjani wote mkiwa wakaazi siku hiyohiyo, na hakuna anayemtegemea mwajiri fulani ili abaki. Ukiupa ukoo wowote uchaguzi kati ya hizo mbili, wenye watoto watakwenda Kanada na asiye na mtoto atakwenda Dubai.

---

hesabu_kwanza

Nakubaliana na karani, ila naongeza sababu ambayo watu hawaisemi: umri una saa yake, na saa hiyo inaendesha maamuzi kuliko mshahara.

Kwenye mfumo wa alama wa Kanada (Express Entry), mwenye mwenza hupata alama 100 za umri akiwa na miaka 20 hadi 29. Akifika 30 ni 95, kisha anapoteza 5 kila siku ya kuzaliwa: 35 ana 70, 40 ana 45. Baada ya 40 anapoteza 10 kwa mwaka, na akigonga 45 ni sifuri. Sasa unaelewa kwa nini mtu wa miaka 34 mwenye kazi nzuri Nairobi anaondoka "ghafla". Ameishapiga hesabu kwamba akingoja apandishwe cheo atakuwa ameishiwa alama.

Mtoto naye ana saa yake. Wa miaka 7 anaingia shule ya umma bila ada hadi kidato cha mwisho na lugha anaishika upesi. Wa miaka 17 anafika akiwa amebakiza mwaka mmoja wa shule, na hapo mzazi ameshalipa ada zote kubwa nyumbani. Faida ya kuhama kwa ajili ya watoto inapungua kila mwaka unaochelewa.

Na kuna kinachosukuma kutoka nyuma. Kenya mwaka 2024 madaktari waligoma kuanzia 14 Machi hadi 8 Mei, siku 56, na kiini cha mzozo kilikuwa malipo ya madaktari wa mafunzo: serikali ikisema KSh 70,000 na wao wakidai KSh 206,000 ya mkataba wa 2017. Familia ya watu wa afya ikiangalia mvutano wa namna ile haioni tu mshahara mdogo. Inaona kwamba makubaliano yaliyosainiwa yanaweza yasilipwe. Mtu anavumilia mshahara mdogo unaotabirika, usiotabirika humshinda.

Ila mpwa una haki kuhusu malezi. Nyumbani familia ya kipato cha kati ina dada wa kazi. Analala hapo, anaamka na mtoto, anampika uji. Huko hayupo, na watu wengi wanapanga bajeti wakisahau kwamba yule dada ndiye aliyewawezesha wote wawili kufanya kazi.

---

bi_faili

Niingie kwenye faili lenyewe, nitumie mfano wa muuguzi 31 na mhasibu 34.

Kosa la kwanza: kudhani mume ndiye mwombaji mkuu kwa sababu ni mume. Fungueni profaili mbili, kila mmoja awe mkuu kwenye yake na mwenzake awe mwenza. Inaruhusiwa. Hapa mke anamzidi kwa alama za umri (90 dhidi ya 75), na pia kuna raundi maalumu za watu wa afya (raundi ni pale Kanada inapoalika wenye alama kuanzia kiwango fulani).

Alama za mke, akiwa na shahada moja, uzoefu wa miaka mitatu au zaidi, na Kiingereza cha CLB 9 (CLB ni vipimo vya Kanada vya Kiingereza):

umri 90, elimu 112, lugha 116, elimu ya mume 8, lugha ya mume 20 (naye akifika CLB 9), shahada na lugha kwa pamoja 25, uzoefu na lugha kwa pamoja 50. Jumla 421.

Raundi ya afya ya Julai 2025 ilikata kwenye 475. Yaani 421 haifiki, na hapa ndipo watu wengi wanapokaa mwaka mzima kwenye foleni wakisubiri muujiza. Ziko njia tatu za kupanda.

Ya kwanza iko kabatini. Wauguzi wengi wa kwetu walianza na stashahada ya miaka mitatu, baadaye wakasoma shahada. Wanapotuma vyeti kutathminiwa (kwa WES na taasisi nyingine za tathmini) wanatuma shahada peke yake, wakiona stashahada ni kitu cha zamani. Tuma vyote viwili. Vyeti viwili vya baada ya sekondari, kimoja kikiwa cha miaka mitatu au zaidi, vinabadilisha elimu kutoka 112 hadi 119 na ile ya pamoja na lugha kutoka 25 hadi 50. Hizo ni alama 32 zilizokuwa zinalala kwenye bahasha. Sasa ni 453.

Ya pili ni lugha, kwa ambaye bado hajafika ile CLB 9 niliyohesabu. Kutoka CLB 8 hadi 9 kwenye IELTS (mtihani wa Kiingereza) ni nusu alama tu kila sehemu: kusikiliza 7.5 iwe 8, kusoma, kuandika na kuzungumza 6.5 iwe 7. Nusu hiyo kwa mwenye shahada moja ina thamani ya alama 65, kwa mwenye vyeti viwili 78. Hakuna kitu kingine duniani kinacholipa hivyo kwa miezi mitatu ya mazoezi. Watu wanaogopa kuandika, lakini msidharau kusikiliza, kwa kuwa 8 inataka usikosee zaidi ya majibu machache na sauti inachezwa mara moja tu. Mfanye mtihani wa General Training. Ule wa Academic haukubaliki kwa Express Entry, na kila msimu kuna mtu anaulipia.

Ya tatu ni Kifaransa au uteuzi wa mkoa. Mkoa ukikuteua unapewa 600, mjadala umekwisha.

Na jamani, alama 50 au 200 za barua ya ajira ziliondolewa 25 Machi 2025. Anayekuuzia leo "barua ya kazi ya kuongeza alama" anakuuzia karatasi ya kufungia maandazi. Mtu wa kulipwa kwa ushauri ni wakili au mshauri mwenye leseni ya huko, basi. Taarifa ya uongo ikigundulika ni marufuku ya miaka mitano, na inamgusa hata mwenza.

---

mpwa_wa_tanga

Bi faili, asante sana. Pesa je? Za kulipa na za kuonyesha.

---

bi_faili

Za kulipa, kwa ada zilizoanza 30 Aprili 2024 (hupandishwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo tazama upya siku ya kulipa): dola za Kanada 1,525 kwa kila mtu mzima, 260 kwa kila mtoto, alama za vidole 170 kwa familia. Watu wanne ni 3,740. Juu yake weka tathmini ya vyeti, mitihani miwili ya lugha, vipimo vya afya vya wote wanne, cheti cha polisi, pasipoti, tiketi.

Za kuonyesha, kwa kima kilichotangazwa Julai 2025: familia ya watu wanne ni dola 28,362. Hizo halipwi mtu, ni zako, lakini lazima ziwe fedha taslimu unazoweza kuzitoa. Kiwanja Kigamboni hakihesabiki. Gari halihesabiki. Mkopo ni mwiko kabisa, hata ule wa SACCOS.

Barua ya benki ndiyo inayoangusha watu waliokamilisha kila kitu kingine. Benki zetu zimezoea kutoa barua ya mistari mitatu: "tunathibitisha fulani ni mteja wetu na salio ni kiasi hiki." Haitoshi. Barua inatakiwa iwe kwenye karatasi rasmi yenye anwani na simu ya benki, jina lako, namba ya kila akaunti, tarehe ilipofunguliwa, salio la leo, wastani wa salio kwa miezi 6, na madeni yako yote pale. Ule wastani ndio mtego. Ukiingiza fedha zote wiki moja kabla, salio linasoma 28,000 na wastani unasoma 2,000. Muandikie meneja unachotaka kiwemo, mstari kwa mstari, msimwachie karani wa dirishani abuni.

Ukialikwa una siku 60 kutuma faili zima. Siku 60 zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi uliyokaa miezi 6 au zaidi katika miaka 10 iliyopita, na tangu Agosti 2025 vipimo vya afya vinafanywa kabla ya kutuma, kwa daktari aliyeidhinishwa tu. Aliyewahi kufanya kazi Doha au Juba aanze kufuatilia cheti cha huko leo, asingoje mwaliko.

---

mzee_wa_kiapo

Mnazungumza alama na fedha. Faili za watu wetu zinakufa kwenye neno "familia". Ile familia ya kwenye fomu si ile tunayoishi nayo.

Mtoto wa nje. Mume ana binti wa miaka 12 aliyemzaa kabla ya ndoa, anakaa na mama yake Kisumu. Mume anaona aibu au anaona hahusiki, hamwandiki. Huo ni msumari. Kila mtoto wa damu au wa kuasiliwa aliye chini ya miaka 22 anaandikwa na anapimwa afya, awe anasafiri au hasafiri, awe anakaa na nani. Asipoandikwa, kanuni inasema huwezi kumwomba baadaye kwa njia ya familia. Kuna sera ya huruma iliyoanza 2019 inayolegeza hilo kwa baadhi, lakini usijenge nyumba juu ya huruma. Mama wa mtoto akikataa asipimwe, andika barua, tuma ushahidi kwamba ulijaribu, na uweke wazi kila kitu.

Mtoto wa marehemu dada. Umemlea tangu ananyonya, anakuita baba, shuleni ana jina lako. Kwenye fomu si mwanao mpaka mahakama iseme. Barua ya mtendaji wa kijiji, ya chifu, hata ya kadhi, haifanyi kuasili. Ama mpitie mahakamani kabla, na hiyo ni kazi ya miezi mingi, ama ujue njia hii ambayo wengi hawaijui: mkaazi wa kudumu akishafika Kanada anaweza kumdhamini mpwa, mdogo wake au mjukuu aliye yatima wa wazazi wote wawili, chini ya miaka 18 na asiye na ndoa. Vyeti viwili vya vifo vitahitajika. Familia nyingi hazikuandikisha kifo cha baba wa mtoto na wanakuja kukitafuta baada ya miaka tisa. Kiandikisheni sasa.

Wake wawili. Anatambuliwa mmoja tu. Lakini watoto wa mke wa pili bado ni watoto wa mwombaji na wanaandikwa wote, rudi kwenye msumari hapo juu.

Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasoma Mwanaidi Hamisi, cha kidato cha nne Mwanahidi Hamis Juma, pasipoti Mwanaidi H. Juma. Kwetu ni mtu mmoja, kwa ofisa aliyekaa Ottawa ni watu watatu. Kiapo kimoja cha wakili kinachotaja maandishi yote matatu kama yalivyo kwenye vyeti, herufi kwa herufi, kinamaliza kazi. Kiapo kinachosema tu "majina yote ni yangu" hakisaidii. Na cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mwezi uliopita kwa mtoto wa miaka 7 kitaulizwa, kwa hiyo kiambatanishe na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, na barua ya shule. Wasiporidhika wataomba DNA kwa gharama yako.

La mwisho, afya. Mtegemezi mmoja akikwama kiafya, hata yule asiyesafiri, faili lote linaweza kukwama naye.

---

fundi_wa_bukavu

Salamu kwenu wote. Mliipita haraka ile ya Kifaransa, na kwetu Kongo, Burundi hata kwa Wanyarwanda waliosoma enzi ya Kifaransa, ndiyo mlango wenyewe.

Kanada inatafuta watu wa Kifaransa wa kukaa nje ya Quebec, na ina raundi zao. Mwezi Machi 2025 raundi ya Kifaransa ilikata kwenye 379, wakati za watu walioko tayari Kanada mwaka huo zilikuwa juu ya 500. Yule muuguzi wa 421 akipata NCLC 7 (NCLC ni kama CLB, ila ya Kifaransa) sehemu zote nne anaongezewa 50, na 12 za lugha ya pili. Anasimama 483, tena kwenye foleni inayokata chini.

Lakini tusidanganyane. Kusoma chuo kwa Kifaransa si kufaulu TEF au TCF, mitihani ya Kifaransa inayotakiwa. Watu wetu wanaongea vizuri na wanaanguka kwenye kuandika: lafudhi juu ya herufi, upatanisho wa vitenzi, na ile barua ya hoja inayotaka mpangilio maalumu. Na jina la mtihani liwe na neno Canada, TEF Canada au TCF Canada, matoleo mengine hayahesabiki. Diploma ya ujuzi wa Kifaransa uliyopata zamani kwenye kituo cha utamaduni nayo haihesabiki.

---

sista_zamu

Kwa muuguzi kuna Uingereza pia, nishangae hamjaigusa. Naitaja hasa kwa sababu inaonyesha pale bajeti inapopasukia.

Mlango: usajili wa NMC, baraza la wauguzi la huko. Tathmini £140, mtihani wa kompyuta £83, OSCE ya vitendo inayofanyiwa Uingereza £794, kuingizwa kwenye rejesta £153. Jumla £1,170 ukifaulu mara ya kwanza. Mtanzania ajue nchi yake iko kwenye orodha nyekundu: mwajiri au wakala haruhusiwi kumfuata na kumshawishi, ila mwenyewe akiomba kazi moja kwa moja hakuna kosa. Kwa hiyo wakala anayekupigia simu Morogoro na "nafasi za NHS" (huduma ya afya ya serikali ya Uingereza) amevunja kanuni kabla hujamlipa senti. Kenya ina makubaliano ya serikali kwa serikali tangu 2021.

Hapa pia chagueni mwombaji mkuu kwa akili. Viza ya kawaida ya kazi inatozwa tozo ya afya £1,035 kwa mtu mzima na £776 kwa mtoto, kila mwaka, na inalipwa yote mbele. Familia ya watu wanne kwa miaka mitano ni £18,110. Viza ya afya haitozwi hata pauni moja ya tozo hiyo, na mume anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote. Mhasibu akitangulia kama mwombaji mkuu, mnazilipa hizo. Muuguzi akitangulia, hamlipi.

Msichanganye muuguzi na mtunza wazee. Watunza wazee walizuiwa kuleta familia tangu 11 Machi 2024, na kuwaajiri wapya kutoka nje kulifungwa 22 Julai 2025. Bado kuna watu mitaani wanauza nafasi hizo.

Sasa bajeti. Muuguzi wa daraja la 5 alianza na £31,049 kwa mwaka 2025/26. Toa kodi, bima ya taifa na pensheni, mkononi zinabaki kama £2,000 kwa mwezi. Chukulia pango £900, kodi ya halmashauri na umeme £300, chakula £450. Zimebaki £350, na hujagusa nauli wala mtoto wa miaka 3. Saa 30 za malezi zinazolipiwa na serikali ni za wazazi wenye haki ya fedha za umma, ambayo viza yenu haina. Mnapata zile 15 za watoto wa miaka 3 na 4, kwa majuma 38 ya mwaka.

Na tazama ratiba. Zamu inaanza saa moja na nusu asubuhi na kuisha saa mbili usiku. Kituo cha watoto kinafunguliwa saa moja na nusu au saa mbili, kinafungwa saa kumi na mbili jioni. Mama yuko wodini kabla mlango haujafunguliwa na bado yuko wodini ulipofungwa. Kwa hiyo mume hawezi kuchukua kazi ya ofisini huku zamu za mke hazitabiriki, anachukua ghala usiku au anakaa nyumbani. Mhasibu mwenye miaka 10 ya uzoefu anabeba maboksi, si kwa sababu hakuna kazi ya uhasibu, ni kwa sababu ya mlango wa kituo cha watoto. Ugomvi wa ndoa za ughaibuni mwingi unaanzia hapo.

Ukaazi wa kudumu ulikuwa miaka mitano. Mei 2025 serikali ilitangaza inataka kumi iwe kanuni. Pangeni kwa kumi.

---

hesabu_kwanza

Sista ameeleza vizuri kuliko mimi. Linganisha na Kanada kwa watoto walewale: posho ya mtoto ya Julai 2025 hadi Juni 2026, kwa familia yenye kipato kisichozidi dola 37,487, ni 7,997 kwa wa chini ya miaka 6 na 6,748 kwa mkubwa. Jumla 14,745, yaani kama 1,229 kila mwezi. Mwaka wa kwanza ambapo wote wawili wanahangaika, hiyo ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya pango. Ontario ada ya kituo cha watoto kilicho kwenye mpango wa serikali haizidi dola 22 kwa siku, shida ni foleni, kwa hiyo mwandikisheni mtoto mara tu mnapojua mji.

Watu wanaipotezea posho hiyo mahali pawili. Hawajazi fomu ya kuomba posho, RC66, na ile ya nyongeza inayouliza kipato chenu cha kabla ya kufika. Au mwaka unaofuata hawapeleki ritani ya kodi kwa sababu "hatukuwa na kipato". Ritani inapelekwa na mume na mke wote, hata ikiwa sifuri. Mmoja asipopeleka, posho inasimama Julai.

Muuguzi naye asidhani ukaazi ni leseni. Leseni inatolewa na chombo cha uuguzi cha kila mkoa, na maombi yake yaanze ukiwa bado nyumbani, wakati chuo chako bado kinapokea simu.

---

karani_mstaafu

Nyongeza fupi kwa Watanzania. Ukaazi wa kudumu haugusi uraia wako. Uraia wa kule ndio unaogusa: Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, ukiapa kule umeuacha huku. Kenya iliruhusu kwa katiba ya 2010. Kwa hiyo Mkenya anauliza "lini naapa", Mtanzania mwenye shamba la urithi anauliza "je, niape?" Wengi hubaki na kadi ya ukaazi kwa miaka. Kadi ina sharti: uwe Kanada kimwili angalau siku 730 katika kila miaka mitano.

---

mpwa_wa_tanga

Nimeelewa sasa, na nimeshangaa kwamba mshahara haukutajwa kwanza na mtu yeyote. Swali la mwisho. Kama fedha za kuonyesha zinatokana na kuuza kiwanja, na nyingine ni mgao wa chama, ofisa atazikubali?

---

bi_faili

Atazikubali zikiwa na nyayo. Kiwanja: mkataba wa mauziano mbele ya wakili, nakala ya hati iliyokuwa na jina lako, risiti ya kodi, na fedha ziingie benki kutoka akaunti ya mnunuzi. Usipokee burungutu ukalipeleke mwenyewe dirishani. Mgao wa chama: katiba ya chama au muhtasari wa kikao, orodha ya michango yako, na hundi au uhamisho kutoka akaunti ya chama. Kama chama chenu kinagawana fedha mkononi kwenye bahasha, ombeni zamu yako ipitishwe benki. Zawadi ya mzazi inakubalika kwa barua yake inayosema hairudishwi, pamoja na taarifa ya akaunti yake.

Uzeni mapema ili miezi sita ihesabike. Na msiuze vitanda mpaka pasipoti zirudi na viza ndani.